Ada ya Kadi Iliyochomwa

Nyamai wa Nthiwa alikuwa na kadi ya benki ambayo haikuwahi kununua hata kiberiti, na ni kadi hiyo hiyo iliyomzuia kumwoa mwanamke aliyekuwa ameishi naye miaka ishirini na minne.

Habari hii aliipata Jumanne asubuhi kwenye dirisha la sacco mjini Wote, mbele ya foleni ya watu waliokuwa wamechoka kusimama na hivyo walikuwa na hamu ya kusikiliza chochote.

"Mzee Nyamai, mkopo umekataa," alisema Nduku, karani wa sacco.

"Umekataaje? Mimi ndiye niliyeomba. Mkopo haukuulizwa."

Foleni ilicheka. Nyamai alikuwa dereva wa basi la shule ya bweni iliyo nje kidogo ya mji, na Nduku aliwahi kuwa mwanafunzi wa shule hiyo. Alikuwa amembeba miaka yote minne, ikiwemo safari moja ya mashindano ya maigizo ambapo Nduku alitapika juu ya viatu vyake. Kwa hesabu ya Nyamai, mtu aliyetapikiwa viatu ana haki fulani.

Nduku aliinama karibu na tundu la kioo, akapunguza sauti. Tundu lile lilikuwa na tabia ya kukuza sauti.

"Mzee, jina lako liko CRB. Kwa wale wasiolipa madeni. Inasema una kadi ya mkopo ya benki, hujailipa miaka mitatu."

"Ile kadi sina."

"Mtambo unasema unayo."

"Mwambie mtambo niliichoma."

"Uliichoma?"

"Kanisani. Mchana. Watu waliona."

Mwalimu mmoja nyuma yake alikohoa kwa namna ambayo si ya ugonjwa. Nduku alitazama kioo cha kompyuta yake, kisha akamtazama Nyamai kwa huruma, na huruma hiyo ilimuuma kuliko kikohozi.

"Basi nenda benki uwaambie hivyo," alisema. "Ukilipa wakuandikie barua. Lakini mzee, usinitegemee sana wiki hii. Next."

*

Lazima isemwe, ili msomaji asimhukumu kabla ya wakati, kwamba kadi ile hakuitafuta. Ililetwa. Vijana wa benki walifika shuleni wakiwa na tai na soda, wakakusanya walimu katika chumba chao, na Nyamai akaingia kwa ajili ya soda. Alitoka akiwa ametia sahihi mahali kama saba. Wiki tatu baadaye kadi ikafika, rangi ya dhahabu, jina lake limechomoza juu yake hata kipofu angeweza kulisoma. Mpishi alinyimwa. Mlinzi alinyimwa. Nyamai akapewa. Aliiweka kwenye pochi mahali ambapo ingeonekana kila akitafuta leseni, na katika miezi ile alitafuta leseni yake mara nyingi sana kwa mtu ambaye hakusimamishwa na polisi.

Hakuitumia. Aliiogopa, kama mtu anavyoiogopa bunduki ya babu iliyo juu ya kabati. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa bure. Mwaka wa pili ukaja ujumbe kwenye simu kwamba anadaiwa ada ya mwaka, na Nyamai akaufuta, kwa sababu mtu hawezi kudaiwa na kitu ambacho hajakitumia. Ndipo Pasta Kivuva wa Kanisa la Mlango Wazi akatangaza Jumapili ya Kufunguliwa, kila mwenye mnyororo wa deni aulete madhabahuni.

Watu walileta vikaratasi vya duka, laini za simu za kukopea, na mama mmoja akaleta sufuria iliyokuwa bado na deni. Nyamai alileta dhahabu. Kadi ilipotupwa kwenye karai la moto ilitoa moshi mweusi, watoto wa Sunday school wakatolewa nje wakikohoa, na Nyamai akashuhudia dakika kumi. Alisema yuko huru. Mwezi uliofuata akapewa kuongoza semina ya fedha kwa wanandoa. Alifundisha vizuri sana. Benki haikuhudhuria.

Jumanne hiyo, akitoka sacco, alipitia kwa pasta na kumweleza. Pasta Kivuva alikuna kidevu.

"Ndugu Nyamai, kule juu lile deni lilifungwa. Hilo sina shaka nalo." Akakuna kidevu tena. "Lakini kwani hukwenda benki kuwaambia?"

"Ulisema tuchome, pasta."

"Nilisema mchome. Sikusema msiende."

*

Sasa kuhusu mbuzi. Kwa Wakamba, mwanamume anapeleka mbuzi watatu kwa wazazi wa msichana, na mbuzi hao wanaitwa ntheo. Unaweza kupeleka ng'ombe, tangi la maji, blanketi na sofa. Kama ntheo haijakwenda, hujaoa, umeazima. Ndunge, mke wa Nyamai, alikuwa ameazimwa tangu akiwa na miaka ishirini na mbili. Kila mwaka mbuzi walikuwa waende, na kila mwaka kulikuwa na karo, au ukame, au paa. Wazee wa kwao Makindu hawakupiga kelele. Walingoja tu, kwa sababu walijua desturi ina meno yake: baba ambaye hajatoa ntheo ya mama hawezi kupokea ntheo ya binti. Mbuzi wa binti wanapita mlangoni kwake na kwenda kwa wajomba.

Na binti alikuwa amepata mtu. Kanyiva, aliyekuwa akifanya kazi kwenye duka la dawa Machakos, alikuwa ameposwa na Muthama, kijana mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Mwingi. Watu wa Mwingi walikuwa wanakuja Jumamosi. Kwa hiyo ilikuwa ni lazima Ijumaa Nyamai awe amefika Makindu na mbuzi wake watatu, alimalize deni hilo la miaka yote, ili Jumamosi akae kwenye kiti cha baba nyumbani kwake.

Pesa za mbuzi alikuwa nazo. Hilo ndilo jambo la kusikitisha. Zilikuwa kwenye simu, elfu thelathini, alizozikusanya kwa kujinyima soda. Mbuzi wenyewe walikuwa wameshachaguliwa kwa Hersi, mfanyabiashara wa mifugo aliyekuwa akiwashusha kutoka upande wa Mwingi kila wiki. Siku ya kuchagua, Ndunge alitokea sokoni pale pale, akasema amekuja kununua nyanya. Upande ule wa soko hauna nyanya. Alisimama kando ya zizi na kikapu kitupu, akamshika mmoja sikio, mweupe mwenye shingo nyeusi, akamgeuza huku na huku kama mtu anayepima kitambaa.

"Huyu ana afya," alisema, bila kumtazama mumewe.

"Mama, wewe hupaswi kuwaona," Nyamai alimwambia.

"Sijaona kitu. Natafuta nyanya."

Alirudi nyumbani akiimba, na Ndunge hakuwa mtu wa kuimba nje ya kanisa.

*

"Mkopo umesemaje?" Ndunge aliuliza jioni ile ya Jumanne. Alikuwa akichambua pojo kwenye ungo, miguu ameinyoosha.

"Unashughulikiwa."

"Unashughulikiwa ni ndiyo ama ni hapana?"

"Ni ndiyo ya kesho kutwa."

Ndunge alitupa jiwe dogo mlangoni. "Baba Kanyiva, hata usipotoka, si neno. Mbuzi si tuko na pesa zake? Peleka mbuzi. Hao wageni wa Mwingi watakaa."

"Watakaa wapi?"

"Kwa viti."

"Viti gani? Tuna viti sita na kimoja kinaegemea ukuta. Hao ni watu wa hardware, mama. Wanauza mabati. Watatazama paa letu kwanza. Unataka nikope benchi za Sunday school, babu ya Muthama akae magoti yake yakigusa kidevu? Tunahitaji tenti. Viti vya plastiki vyenye vitambaa. Spika moja."

"Spika ya nini? Mbuzi ataongea?"

"Heshima, Mama Kanyiva."

Ndunge alirudi kwenye pojo zake. Alisema taratibu, kama anaongea na ungo, "Mimi nilikuwa nafikiri heshima ndiyo hizo mbuzi."

Ingekuwa rahisi kwa Nyamai kumwambia wakati ule: kadi haikufa, jina limeharibika, mkopo hakuna, tupeleke mbuzi na tukalie benchi. Maneno yalikuwa manne au matano. Lakini yeye ndiye mwalimu wa semina ya fedha kwa wanandoa, na mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa ameketi hapo chini ameshika ungo.

*

Jumatano aliomba ruhusa kwa naibu mwalimu mkuu, akisema ana jino linalomuuma, akaenda Machakos. Benki ilikuwa na ubaridi wa mashine na maua ya plastiki. Alipewa nambari, akangoja, kisha akaitwa mbele ya binti mmoja mwenye mtandio wa kijani aliyejitambulisha kwa jina la Ismahan.

"Nimekuja kuhusu kadi niliyoichoma," Nyamai alisema.

Ismahan hakucheka, na Nyamai akampenda kwa hilo. Aliuliza nambari ya kitambulisho, akabofya, akasoma.

"Kadi yako iko hai, mzee."

"Haiwezi. Nilinusa."

"Ile plastiki ilikufa. Akaunti iko hai. Kila mwaka kuna ada, mzee, uitumie usiitumie. Usipolipa ada kunakuja faini ya kuchelewa. Halafu riba juu ya hiyo ada na faini. Halafu mwaka mwingine unafika."

"Kwani kadi iliyolala inakula nini?"

"Inakula kuwa wazi tu. Ulifaa kutuandikia barua ufunge. Ilikuwa bure kufunga."

"Bure?"

"Bure kabisa."

Neno hilo Nyamai alikaa nalo kidogo. Kisha akauliza jumla. Ismahan aligeuza kioo cha kompyuta ili aone mwenyewe, na pale chini palikuwa na elfu ishirini na nane na ushee. Alitazama tarakimu zile zikiwa zimekaa kimya, zimeshiba, kama watu waliokula kwa jirani.

"Nikilipa leo, jina linasafishwa leo?"

"Hapana, mzee. Nitakupa barua leo. Lakini kubadilisha kule CRB kunachukua wiki kadhaa, na hao waliokukatalia mkopo wataangalia kule, hawataangalia barua." Alisogea mbele. "Nikushauri kama mzee wangu? Usilipe leo. Andika ombi hapa, useme hukuitumia hata siku moja. Nami naona ni kweli, hakuna hata shilingi ulinunua. Hizi faini wanaweza kuziondoa. Ubaki na ada peke yake. Mwezi mmoja hivi tutakuwa tumejua."

"Mimi nina mambo Jumamosi."

"Hayo mambo ya Jumamosi yanataka pesa?"

"Yanataka mkopo."

"Basi hata ukilipa hautapata kwa Jumamosi. Ndiyo nakuambia."

Hakuna mtu aliyewahi kumshauri Nyamai vizuri namna hiyo katika maisha yake yote, na alimsikia kila neno. Lakini alikuwa ameona muhuri wa mpira kwenye meza ya Ismahan, ule wa duara wenye tarehe katikati. Nyamai alikuwa amefanya kazi shuleni miaka kumi na saba na alijua kuwa karatasi yenye muhuri haikataliwi. Kwa muhuri wanafunzi hutoka getini, mafuta hutoka stoo, mtu mzima hupewa likizo ya jino. Akilini alimwona Nduku akiisoma barua, akisimama, akimwita meneja. Aliona tenti. Na elfu thelathini zikitoka leo, mkopo ukiingia kesho, mbuzi wangelipiwa kesho jioni na hakuna ambaye angejua chochote, hata Ndunge.

"Nitalipa," alisema.

"Mzee."

"Nipatie barua. Na uipige muhuri vizuri."

Ismahan aliupiga. Kabla Nyamai hajaondoka, alimsukumia karatasi nyingine asaini, ya kuifunga kadi. Ilikuwa na mistari miwili.

*

Alhamisi asubuhi Nduku aliisoma barua hadi mwisho, akaipindua upande wa pili kuona kama kuna zaidi, akairudisha kwenye tundu la kioo.

"Barua ni nzuri sana, mzee. Hongera."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ikibadilika kule, uje. Saa hii bado unaonekana vile vile."

"Kuna muhuri."

"Nimeuona."

"Nduku, mimi nimekubeba kutoka ukiwa mdogo hivi."

"Najua, mzee." Macho yake yalikuwa yamelowa kidogo. "Ingekuwa ni mimi ningekupatia. Si mimi. Ni hii kitu." Akagusa kompyuta kwa kidole, kama mtu anayemsengenya bosi akiwa mbele yake.

Alitoka nje akasimama kwenye kivuli cha ukuta wa sacco na kumpigia Hersi simu. Alimwomba amshikie wale mbuzi hadi mwisho wa mwezi.

"Ndugu yangu Nyamai," Hersi alisema, na nyuma yake kulisikika mbuzi wengi na lori moja, "tulisema leo."

"Tulisema leo, lakini pesa zimekwama mahali."

"Pesa inaweza kukwama. Mbuzi hakwami, anakula. Nimekuwekea wiki mbili na nikakataa watu. Lori la Nairobi liko hapa linapakia. Nikwambie nini? Lete hata nusu, nitakuachia."

Nusu haikuwepo. Kwenye simu palikuwa na elfu moja na mia sita.

"Wapakie," Nyamai alisema.

"Pole, ndugu. Kweli pole. Mama alimpenda yule mweupe."

*

Alimwambia Ndunge mchana huo huo, akiwa amesimama, kofia mkononi. Alianza kwa kadi, akarudi kwenye soda ya walimu, akapita kwenye karai la moto, akafika benki. Ndunge alikuwa akipiga pasi nguo ya Jumamosi, kitenge cha zambarau alichokuwa amekishonesha kwa malipo ya vipande vipande. Hakumkatiza. Alipofika kwenye shauri la Ismahan, pasi ilisimama.

"Alikwambia usilipe?"

"Aliniambia."

"Na ukalipa."

"Nililipa."

"Pesa za mbuzi."

"Nilidhani barua..."

"Sijauliza ulidhani nini." Aliiondoa pasi kabla haijaunguza kitenge, akaisimamisha wima. "Jumanne nilikuuliza hapa. Nilikuuliza ni ndiyo ama ni hapana."

"Nilikuwa naona aibu."

"Ya nani? Yangu? Mimi nilikuosha hayo macho ukiwa na ugonjwa wa macho mekundu, Baba Kanyiva. Nimekuona ukilia kwa sababu ya gia ya basi. Kulikuwa na aibu gani imebaki ya kunificha?"

Alichukua simu yake, akampigia kaka yake Mulei kule Makindu, akaongea naye Kikamba maneno machache, kisha akampa Nyamai simu na kurudi kwenye pasi.

"Shemeji," alisema Mulei. Alikuwa na karakana ya tairi kando ya barabara kuu, na daima aliongea kama anayeshindana na lori. "Nasikia mbuzi zetu zimelipa benki."

"Shemeji, nisaidie. Nitaleta baada ya wiki chache. Niruhusu tu nipokee hizi za Jumamosi, halafu..."

"Upokee kama nani?"

Nyamai aliigeuza kofia mkononi.

"Sikuchukii," Mulei aliendelea, na sauti yake ikashuka, jambo lililokuwa baya zaidi. "Hata mzee wetu alipokuwa hai hakukuchukia. Alikuwa akisikia gari limesimama barabarani anauliza, ni Nyamai? Tunamwambia si yeye, ni gari tu. Sasa fanya hivi. Wapigie hao watu wa Mwingi, waambie wasishukie Wote. Waje huku. Mbuzi za mpwa wangu zitapokelewa kwetu. Viti tuko navyo."

*

Jumamosi Nyamai aliwapeleka Makindu kwa Probox ya kukodi, mkewe nyuma, binti mbele. Kanyiva hakuwa amelala vizuri. Njia nzima alikuwa akirekebisha mkanda wa gari ambao haukuwa na shida.

"Baba, utakaa wapi?" aliuliza walipokaribia.

"Nitakaa tu."

"Watu wa Muthama wanauliza baba ni nani. Nimewaambia ni wewe. Wakasema, mbona basi twende kwa mjomba? Sikujua niseme nini."

"Ungesema ni mambo ya kizamani."

"Wanayajua hayo mambo kuliko sisi," Kanyiva alisema, na hakukuwa na ukali. Ingekuwa afadhali ukali.

Mulei hakumdhalilisha. Lazima hilo liandikwe pia. Alimsalimia kwa mikono miwili, akampa kiti cha plastiki chenye kitambaa cheupe, katika safu ya tatu, kati ya jirani aliyeuza vitunguu na mwalimu mstaafu aliye kiziwi. Ilikuwa safu nzuri, yenye kivuli. Kutoka hapo Nyamai aliwaona watu wa Mwingi wakiingia wakiimba, na Muthama katikati yao, kijana mrefu aliyevaa koti la joto lisilomtosha, akiwavuta mbuzi watatu kwa mikono yake mwenyewe, jasho likimtiririka. Mbuzi mmoja aligoma langoni na Muthama akambeba begani. Wanawake walipiga vigelegele.

Mulei alipokea kamba. Msemaji wa Mwingi alimshukuru "mzee mwenye boma, baba yetu sisi sote," na Mulei akaitikia kwa niaba ya ukoo. Jirani wa vitunguu akamgusa Nyamai kiwiko.

"Wewe ni wa upande gani? Bwana ama bibi?"

"Bibi."

"Mnahusiana vipi?"

"Mimi ndiye huwa naendesha gari," Nyamai alisema, na jirani akatingisha kichwa, kwamba kazi ya gari ni nzuri.

Mamake Ndunge, bibi Mbula, alipita nyuma ya safu akiwa na fimbo. Kwa adabu ya nthoni, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni wala kuongea ovyo, kwa hiyo Nyamai aliinamisha kichwa na kuvitazama viatu vyake. Bibi alisimama. Kulikuwa na kuku karibu, na bibi akaongea na yule kuku.

"Wewe kuku," alisema, "mwambie huyo mtu apewe nyama nyingi. Amekonda."

Kuku hakusema kitu. Nyamai aliletewa sahani iliyojaa, nyama ya mbuzi wa binti yake, aliyoletewa kama mgeni, na aliila yote kwa sababu kuiacha kungekuwa matusi. Mbele kabisa, kwenye mkeka, Kanyiva alikata kipande na kumlisha Muthama, kisha Muthama akamlisha yeye, na wazee wakasema sasa huyu ni wetu. Ndunge alikuwa amesimama nyuma ya binti yake na kitenge chake cha zambarau. Hakulia, wala hakucheka. Alikuwa akitazama tu, shingo imenyooka, kama mtu aliyesikia kutajwa kwa mji ambao aliwahi kupanga kwenda.

*

Jua lilikuwa bado liko juu ya milima Nyamai alipowasha Probox. Kanyiva alikuwa ameshaondoka na dada za Muthama. Ndunge alikuja mpaka dirishani, akaweka mkono juu ya mlango, lakini hakuufungua.

"Ingia twende, Mama Kanyiva."

"Nitabaki kidogo."

"Kidogo mpaka lini?"

Ndunge alipangusa vumbi kwenye kioo cha pembeni.

"Ni Mulei amesema?"

"Hakuna amesema. Mulei aliniuliza kama nimebeba sweta ya njiani. Mama alikuwa amenifungia maharagwe ya kwenda nayo. Ni mimi."

"Umenikasirikia."

"Nilikukasirikia mwaka wa tatu," Ndunge alisema. "Na wa tisa, wakati wa ukame. Sasa sina hasira. Lakini leo nimeona mtoto wangu akiletewa. Nilifikiri ni mambo tu, mbuzi na makelele. Halafu nikaona yule kijana amebeba mbuzi begani, koti linampasuka, na mtoto wangu anamtazama. Nami nataka kuletewa."

"Niko na miaka hamsini na moja, Ndunge. Nibebe mbuzi begani?"

"Unaweza kumvuta tu."

Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka mingi kwamba Nyamai alikuwa amemwita kwa jina lake, na wote wawili walikuwa wamelisikia.

"Nikichelewa?"

"Usikope," alisema Ndunge. "Na usiuze kitu ya nyumba. Leta ukiwa nazo." Akaingiza mkono dirishani na kumnyoosha kola ya shati, kwa mazoea. "Kuna unga kwa debe. Kuku wafungiwe mapema."

Akaondoka, akipita kati ya viti vilivyokuwa vikikunjwa.

Nyamai aliendesha polepole hadi barabara kuu. Malori ya Mombasa yalikuwa yamepanga foleni ndefu na hakuna aliyempa nafasi ya kuingia, kwa hiyo alisimama pembeni. Msichana mmoja aliyekuwa akiuza machungwa alikuja mbio na neti mbili, akazibandika kwenye kioo.

"Mzee, mpelekee mama nyumbani machungwa. Tamu kama sukari."

"Hakuna mama nyumbani."

"Aii. Kwani hujaoa?"

Nyamai aliangalia malori. Aliangalia kiti cha kando yake, mkanda ukiwa bado umelegea vile Kanyiva alivyouacha.

"Bado," alisema. "Ndiyo najipanga."

Msichana alimpima kwa macho, mvi zake na kofia yake ya udereva, na kwa kuwa alikuwa mfanyabiashara, hakucheka.

"Basi chukua ya kupeleka kwa wakwe," alisema. "Hawakatai machungwa."

Nyamai alizima injini na kuuliza bei.